Chakula cha Mashine

Jumatatu, 9 Oktoba 2017

Kompyuta haiwaki! Nimebonyeza kitufe. Feni imezunguka, taa imemweka, kisha ikalia: piii. Kimya. Piii. Kimya. Skrini nyeusi tii.

Nimeizima. Nimeiwasha. Nimeichomoa, nikaichomeka tena. Nimeipiga kofi la ubavuni, la kirafiki. Piii.

Sababu ninaijua. Naiandika hapa tu, na daftari hili hukaa ndani ya buti langu la mvua. Jana jioni, nikitazama besiboli, nilikula pakiti yake.

Ile ya kijani. Vitafunio vya mahindi vya nazi, vile ambavyo kila mwenye akili huviweka juu ya mashine ili itulie na kufanya kazi. Hata nilipokuwa kwenye dirisha la tiketi la reli tulikuwa na pakiti juu ya kila mashine, na mkuu wa stesheni mwenyewe ndiye aliyekuwa akiangalia tarehe za kuharibika. Lazima iwe ya kijani. Lazima iwe nzima. Haifunguliwi. Mimi niliichana kwa chini na wembe, nikala, nikajaza magazeti, nikaziba kwa gundi. Kazi safi kabisa. Binadamu asingegundua.

Lakini mashine imegundua! Imejuaje? Haina macho. Nimekaa mbele yake nusu asubuhi nikiitazama tu, na nywele za mikono zimenisimama.

(Ni mara ya kwanza katika maisha yangu. Au karibu.)

Mke wangu Pi-lan akachungulia mlangoni, akauliza kama wimbo wa mama yake uko tayari kwa Jumapili. Nikamwambia uko tayari kabisa, aniachie mimi. Jumapili mama mkwe anatimiza mwaka tangu atutoke. Ndugu wote wa Pi-lan wanakuja. Baada ya udi na chakula, tutawasikilizisha ule wimbo aliouimba hapa hapa chumbani, kwa maikrofoni niliyoinunua nilipotaka kuwa mwalimu wa karaoke mtandaoni. Sauti yake haipo pengine popote duniani. Ipo humo ndani ya kompyuta.

Pi-lan akasema mwaka mzima hajathubutu kuusikiliza. Alikuwa anauweka akiba kwa Jumapili. Akaondoka akiimba chini chini.

Piii.

Jumanne, 10 Oktoba. Sikukuu ya Taifa

Dawa ni rahisi. Pakiti mpya!

Duka la kwenye kona: zimekwisha. Duka la karibu na kituo cha mafuta: zimekwisha. Supamaketi: rafu tupu, imebaki kadi ya bei tu. Binti wa supamaketi akanieleza kuwa kiwanda fulani kule nje ya mji kinawasha mitambo mipya wiki hii, wamekuja na gari wakabeba makatoni yote ya kijani. Nikabaki nimeduwaa. Mainjinia wenye shahada zao, na hawagusi swichi mpaka vitafunio viwepo! Ndivyo dunia inavyoendeshwa.

Zilizobaki ni za njano na nyekundu. Nikachukua ya njano. Binti akanikazia macho. Akaniuliza kama ni ya kula. Nikasema ni ya kompyuta. Akasema kwa sauti ya foleni nzima kusikia: baba, njano ni rangi ya onyo, unataka kuitukana mashine yako? Mzee mmoja nyuma yangu akatikisa kichwa akiwa amekumbatia tangawizi.

Nikasema natania. Nikainunua hivyo hivyo. Kwa nini? Kwa sababu mimi ninafikiri haraka. Stoo kuna rangi ya kijani iliyobaki tulipopaka nondo za madirisha.

Nimepaka pakiti pande zote mbili. Imependeza! Imekaa kijani kuliko ya kweli. Nikaiweka juu ya kompyuta, nikainamisha kichwa, nikabonyeza.

Haikulia hata ile piii moja moja. Imelia mfululizo, bila kupumua, kama mtoto aliyebanwa kidole mlangoni! Nikachomoa waya haraka. Imetambua njano chini ya kijani. Mungu wangu, ni kitu gani hiki tunachoishi nacho ndani ya nyumba?

Jioni gari la taka lilipita na muziki wake, uchochoro mzima ukatoka na mifuko. Jirani yangu Hsieh naye akatoka, amevaa ile fulana ya klabu ya karaoke. Akaona vidole vyangu vya kijani. Akauliza ninapaka nini siku ya sikukuu. Nikasema nondo. Akazitazama nondo zangu, zote kavu. Akasema kama kuna kitu kimeharibika nisione haya, nimwite. Mwaka jana alinitengenezea feni, na mpaka leo kila anayepita uchochoroni anaulizwa kama ameiona feni ya A-Hsiung, yaani yangu mimi, inavyozunguka. Kumwita Hsieh? Afadhali nihame mji.

Jumatano, 11 Oktoba

Nimekwenda kwa Babu wa Ardhi, mungu mlinzi wa mtaa wetu, kwenye kile kihekalu cha mwisho wa uchochoro. Nikawasha udi, nikamweleza jina langu, anwani yangu na aina ya kompyuta. Nikaomba radhi kwa niaba ya tumbo. Kisha nikauliza: mashine imenisamehe? Nikarusha vile vipande viwili vya mbao vya kuulizia majibu ya mungu.

Vyote vikalala migongo chini. Maana yake mungu anacheka.

Nikarusha tena. Anacheka. Nikarusha tena. Anacheka! Mama mmoja aliyekuwa akipanga matunda akasogea kuangalia, akasema hajapata kuona Babu akicheka hivyo, akataka kujua nimefanya nini. Nikasema ni mambo ya kifamilia.

Nilisimama pale. Mtu wa kawaida kama mimi, mstaafu wa reli, nimemchekesha mungu! Nilijisikia mdogo. Na kidogo nikajisikia maarufu.

Basi nikabadili swali. Nikauliza kwa heshima: je, si vibaya mtu kuazima kitu kidogo kwa jirani yake? Nikarusha. Kimoja juu, kimoja chini. Ndiyo!

Sikumtajia jirani yupi, wala kitu gani, wala kwamba jirani hataambiwa. Babu wa Ardhi anaujua uchochoro huu wote, hana haja ya kuchoshwa na maelezo.

Hsieh ana pakiti ya kijani juu ya mashine yake ya karaoke. Mpya. Imenona.

Alhamisi, 12 Oktoba

Nimekwenda kunywa chai kwa Hsieh, pakiti yangu ya rangi chini ya koti. Joto kali, na koti. Akaniuliza kama ninaumwa. Nikasema uzee.

Akanimiminia chai ya milimani, akaanza habari za mashindano ya karaoke ya wazee. Amepangwa kuimba Jumamosi. Mwaka huu, akasema, hakuna wa kumgusa, na kuhusu mimi, aliisikia sauti yangu bafuni na alidhani bomba limepasuka. Nikacheka kwa adabu. Nikamwambia kuna paka juu ya kiti cha pikipiki yake, ananoa makucha. Akachomoka mbio. Kile kiti anakipenda kuliko watu.

Sekunde chache tu. Yake ndani ya koti, yangu juu ya mashine. Nilijikwaa kidogo kwenye waya wa nyuma, si kitu. Akarudi akisema hakuna paka. Nikamwambia paka wa siku hizi wana mbio.

Nyumbani. Pakiti halisi! Tarehe yake bado kabisa! Nikaifuta vumbi, nikaiweka, nikapiga magoti kabisa. Nikabonyeza.

Piii. Kimya. Piii.

Angalau haikulia mfululizo. Hiyo ni hatua. Hasira zinapungua.

Lakini sikilizeni kilichotokea jioni! Gari la taka limekuja, na Hsieh katoka uso umemshuka. Mashine yake ya karaoke imekufa! Alipotaka kufanya mazoezi ya ule wimbo wake, hakuna taa, hakuna sauti, hakuna chochote. Akawaeleza watu wote, mfuko wa taka mkononi, mpaka gari likataka kumwacha.

Nilihisi baridi mgongoni, na nilikuwa bado nimevaa koti. Pakiti imeondoka, mashine imekufa papo hapo! Uwezo wa kitu kile! Nimekaa mbele ya kompyuta nikiitazama ile pakiti ndogo ya kijani, na naapa nayo ilikuwa inanitazama.

Ijumaa, 13 Oktoba

Lazima mtu awe na mpango wa pili. Bibi Chiu anayeuza wali wa bata mzinga karibu na soko ana sauti ya kukwaruza, sawasawa na ya marehemu. Nimekula bakuli mbili ili nipate nafasi ya kuzungumza naye. Nikamweleza: asimame nyuma ya pazia Jumapili, aimbe wimbo mmoja, atoke kwa mlango wa jikoni.

Akaacha kukata nyama. Akaniuliza kama nina akili timamu. Akasema yeye na mama mkwe wangu walijuana tangu wasichana, na hawezi kuazima sauti ya marehemu, kwa sababu marehemu atakuja kuidai, na anamjua yule mwanamke, atakuja asubuhi na mapema kabla hata wali haujaiva. Kisha akashusha sauti. Akasema mbona uso umenisawijika, nimeupoteza wimbo wa watu?

Nikasema haujapotea. Akaniongezea supu. Ile supu niliiacha.

Niliporudi nilimkuta Pi-lan amefagia chumba cha kompyuta. Ameweka viti kwa safu. Kwenye kiti cha mbele kabisa ameweka ule mto wa mama yake. Akaniambia usiku hapati usingizi kwa furaha, na anaogopa pia, hajui kama atalia mbele ya kaka yake. Akauliza kama tunaweza kujaribu sauti kidogo tu, asikie neno moja. Nikamwambia mashine inapumzika, isisumbuliwe kabla ya siku yenyewe. Akakubali. Alikubali mara moja, bila kuuliza tena, kwa kuwa mimi ndiye mtaalamu wa kompyuta wa nyumba hii.

Sijapenda nilivyojisikia. Sitaandika zaidi.

Jumamosi, 14 Oktoba

Balaa!

Asubuhi Hsieh kaja, hakubisha hodi. Viganja vyake vya kijani. Mkononi kashika pakiti yangu, rangi imebanduka, njano inachungulia. Akainyanyua mbele ya Pi-lan akasema: shemeji, mwulize mumeo nondo zake zimekaukaje.

Nikasema sijui anachozungumza. Akanyoosha kidole kwenye kompyuta, pale pakiti yake ilipokuwa imekaa kama mgeni rasmi. Nyuma ya ile pakiti alikuwa ameandika jina lake kwa wino. Nani anayeandika jina kwenye vitafunio? Mtu asiyewaamini majirani zake, ndiye huyo!

Pi-lan akapita katikati yetu, akabonyeza kitufe mwenyewe.

Piii. Kimya. Piii.

Akauliza tangu lini. Nikasema tangu Jumatatu. Akakaa sakafuni, mgongo kwenye kile kiti chenye mto. Hakupiga kelele. Afadhali angepiga. Akasema tu kwamba ameanza kusahau sauti ya mama yake ilivyokuwa, kwamba uso anaukumbuka lakini sauti inamponyoka, na mwaka mzima alijituliza kwa kujua kwamba ipo humo.

Hsieh akaitazama pakiti aliyoishika. Akaificha nyuma yake. Mimi nilitamani ardhi ipasuke.

Kisha Hsieh akasema, kwa sauti ya chini ambayo sijapata kuisikia kwake: lete bisibisi.

Tukafungua ubavu wa kompyuta. Wee! Sikutegemea! Ndani ni mji! Barabara, minara, feni kubwa kama uwanja, vijumba vidogo vidogo vya fedha vimepangwa kwa mstari. Na mji una wakazi. Sisimizi! Maelfu, wanakwenda na kurudi, kila mmoja kabeba chenga ya njano iliyopauka. Nikashangaa wamepata wapi chakula. Hsieh akachukua chenga moja, akainusa, akanigeukia. Akasema: nazi.

Nikasema ajabu sana.

Akachukua brashi ya kufutia meza ya udi ya wahenga, akaanza kufagia. Nikamwambia anafagia vibaya. Akaniambia nichomoe kile kibao chembamba cha kumbukumbu na nisugue meno yake ya dhahabu kwa kifutio cha penseli, badala ya kusimamia watu kama bado niko stesheni. Nikasugua. Akasema nasugua kama nampapasa paka. Nikamwuliza paka yupi, yule wa pikipiki? Pi-lan, bado sakafuni, akasema tukigombana tena atatufukuza sote wawili na kumwita fundi. Tukanyamaza.

Kibao kikarudi mahali pake. Tak! Hsieh akanyoosha kidole kwenye kitufe. Nami nikanyoosha. Tukabonyeza pamoja.

Feni. Taa. Tukasubiri piii.

Haikuja! Skrini ikawa buluu, kisha ikaja picha yetu kwenye harusi ya mpwa, wote tumefumba macho isipokuwa mama mkwe. Pi-lan akaruka, akanishika shingo, akamshika na Hsieh mkono wake wa kijani. Machozi yalinitoka, sioni haya kusema.

Kisha tukaulizana nani ametengeneza. Hsieh anasema brashi. Kwa heshima yake nikasema kifutio. Lakini moyoni ninajua. Pakiti ilikuwa pale juu muda wote. Hsieh naye alikuwa anaitupia jicho, na alipokwenda hakuidai. Alisema iache mpaka Jumapili ipite.

Nikaona uungwana huo si wa kuachwa bila malipo. Nikamwambia nitakwenda kuiombea mashine yake ya karaoke, lakini lazima niwe peke yangu naye akae nje. Nikaingia, nikachomeka waya uliochomoka nyuma, nikanung'unika maneno fulani. Ikawaka! Hsieh akaduwaa. Akaniuliza nimesema maneno gani. Nikamwambia hayafundishwi.

Amekwenda mashindanoni ananiheshimu. Ametoka wa pili.

Jumapili, 15 Oktoba

Wageni wameondoka, sasa naweza kuandika.

Walikuja wote. Shemeji yangu mkubwa, Kuo-liang, kutoka Taipei na suti. Dada wawili na waume zao. Hsieh tulimwalika, hatukuwa na namna. Bibi Chiu alileta sufuria nzima ya wali wa bata mzinga, akaniangalia, nikamwonyesha dole gumba.

Udi, matunda, chakula. Kisha tukaingia chumbani, tukakaa. Pi-lan alinishika mkono. Nikabonyeza.

Na akaimba! Mama mkwe mwenyewe, akikohoa kwanza, akiuliza kama maikrofoni inachukua sauti, kisha akiimba. Sauti ya kukwaruza, inayopotea juu na kurudi chini kwa ukaidi. Mwaka mzima yuko kaburini, na yuko chumbani! Kuo-liang alifungua tai. Pi-lan alifumba macho, midomo yake ikifuata kila neno. Nilitazama lile sanduku la chuma nikaona kwamba sielewi lolote duniani.

Ubeti wa pili, nyuma ya sauti yake, kukaanza kusikika kitu.

Kru. Kru kru.

Nikadhani ni spika. Kru kru kru. Dada mdogo akainua kichwa. Hsieh akageuka taratibu kunitazama. Kru.

Wimbo ukakatika katikati. Na mama mkwe, kwa sauti ile ile niliyoishi nayo, akasema:

“Wewe A-Hsiung! Unadhani sikusikii unavyotafuna huko nyuma? Hicho ni chakula cha mashine, si chako! Wanangu, siku mashine hii ikigoma kuwaka, msihangaike na mafundi. Mtafuteni huyu!”

Kisha akaendelea kuimba mpaka mwisho, kama hakuna lililotokea.

Nilianguka magoti. Sikupanga, yalijikunja yenyewe. Amejua! Miaka kabla, amejua! Siku ile ya kurekodi nilikaa nyuma yake na spika za masikioni, nikifuata besiboli, sikumsikia hata neno. Nikamwinamia mbele ya kompyuta, nikaiinamia na pakiti kwa usalama. Ndipo Pi-lan akaanza. Nilidhani analia, na kweli alikuwa analia, lakini alikuwa pia anacheka, kicheko ambacho sijakisikia tangu mazishi, akijipigapiga mapaja. Kuo-liang akafuata, na suti yake. Bibi Chiu akalazimika kushikwa. Pi-lan akasema huyo ndiye, huyo ndiye mama yangu, nilikuwa nimesahau alivyokuwa, rudisha nyuma, tena!

Tumesikiliza mara nyingi. Nilijitolea kukata kile kipande cha katikati ili wimbo uwe safi. Wamekataa wote kwa sauti moja. Wamenakili kila mmoja kwenye simu yake. Kuo-liang amekiweka kile kipande kiwe mlio wa simu yake, kwa ajili yangu tu. Nikimpigia, mama mkwe ananitaja.

Pi-lan alinibusu kwenye kipara kabla ya kulala. Akasema niape sitagusa tena chakula cha mashine. Nimeapa mbele ya picha ya mama yake. Nimeapa kwa dhati. Nimeona kwa macho yangu kwamba mambo haya ni makubwa kuliko sisi.

Jumanne, 17 Oktoba

Za kijani zimerudi dukani! Nimenunua mbili. Moja nimempelekea Hsieh, ameshaandika jina lake. Nyingine iko juu ya kompyuta. Imejaa. Mpya kabisa, ile harufu ya nazi inapenya mpaka nje ya plastiki.

Kompyuta inafanya kazi vizuri ajabu. Leo besiboli ni mechi ya mtoano. Pi-lan amekwenda sokoni.

Nimefikiria sana kuhusu Jumapili, na nimegundua kosa langu liko wapi. Liko wazi, sijui kwa nini sikuliona mapema. Mama mkwe hakuniona. Alinisikia.

Maikrofoni nimeichomoa, nimeifungia kabatini. Spika nimezizima. Wembe uko hapa.

Kitafunio kimoja tu.